Kosa na Makao Yake

Katika vitu viharibikavyo hakuna jambo gumu kama kujua ni nini hasa kilichoharibika. Maumivu ya jino husikika sikioni, na paa livujalo hudondosha maji mbali na tundu lake, kwa kuwa maji hufuata boriti kabla ya kuanguka. Kosa lina mahali linapoonekana na mahali linapokaa, na mara nyingi mahali hapo si pamoja. Apigaye nyundo pale linapoonekana huongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Jambo hili hujulikana kwa tabibu na kwa hakimu. Walakini mahali ambapo laweza kusomwa kwa utulivu, bila mgonjwa kufa wala asiye na hatia kufungwa, ni mbele ya gramafoni ya zamani iliyokataa kuimba vizuri.

Gramafoni huonekana kuwa chombo rahisi. Kazi zake ni mbili tu: kuizungusha santuri kwa mwendo mmoja usiopungua wala kuzidi, na kuichukua sindano ifuate mfuo mwembamba uliochongwa kutoka ukingoni mpaka karibu na kitovu. Mfuo huo una mawimbi madogo. Sindano ikiyapita hutikisika. Mtikiso hugeuzwa kuwa umeme hafifu. Umeme hukuzwa na amplifaya. Spika huurudisha kuwa sauti. Santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua dakika 3 hivi. Mwaka 1948 ilitolewa Marekani santuri ndefu ya mizunguko 33⅓, na mwaka 1949 ikafuata ndogo ya mizunguko 45. Lakini kazi iliyo rahisi kutajwa si lazima iwe rahisi kutendwa. Mnyororo huu wa mfuo, sindano, waya, amplifaya na spika una pete nyingi, na pete yoyote ikilegea, lawama huiangukia spika, maana ndiyo yenye mdomo.

Mwenyeji mmoja wa Mombasa aliletewa gramafoni ya umeme na nduguye aliyerejea kutoka Marekani. Ilikuwa Garrard 301, aina iliyotengenezwa Swindon, Uingereza, tangu miaka ya 1950 hadi ilipofuatwa na 401 katikati ya miaka ya 1960. Haina mkanda. Mota yake imetundikwa kwa springi chini ya kiunzi; juu ya mhimili wa mota pana puli ya ngazi tatu, ngazi moja kwa kila mwendo; gurudumu dogo lenye ukingo wa mpira husimama kati ya puli na ukingo wa ndani wa sinia, likagusa huku na huku, na kwa mgusano huo sinia zito linalobeba santuri huzunguka. Mkono wa sindano haukuuzwa pamoja nayo. Kila mnunuzi alijichagulia wake. Ni mashine iliyoundwa kwa chuma kingi na siri chache, na atakayeifungua kwa subira huweza kuona kila sehemu inavyomsukuma mwenzake.

Mtu huyu hakuitaka mashine kwa ajili ya pambo. Mama yake alikuwa amefariki akaacha sanduku la santuri za 78, baadhi yake za tarabu, na ndani ya sanduku hilo mlikuwamo sauti ambazo wenyewe wamekwisha kuzikwa. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 pamoja na wapiga ala wake mpaka Bombay kuimbia santuri, na mwaka 1950 akaiaga dunia. Tangu siku ile, amtakaye hana njia ila mfuo. Mfuo wenyewe umechongwa katika kitu dhaifu: lakiri, utomvu utokanao na wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Santuri ya namna hii ikianguka sakafuni huvunjika kama sahani ya udongo. Tena huweza kufa bila kuanguka. Sindano iliyochakaa au isiyo ya kipimo chake huikwaruza kila ichezwapo, na iliyokwaruzwa haina dawa. Mashine mbovu, basi, haidhuru nafsi yake peke yake. Hula kile ilichoundwa kukihifadhi.

Siku ya kwanza mashine ilipowashwa ilikuwa na aibu tatu. Kwanza, ilikwenda polepole: wimbo wa dakika 3 ulichukua zaidi ya dakika 3 na nusu, na sauti ya mwanamke ilishuka ikawa kama ya mwanamume mwenye mafua. Pili, sauti iliyumba, ikapanda na kushuka kama mtu aimbaye ndani ya mashua. Tatu, spika moja kati ya mbili ilikuwa kimya. Jamaa waliokuwapo walitoa hukumu papo hapo. Mmoja alisema mota imezeeka, inunuliwe nyingine. Wa pili alisema mpira umekwisha. Wa tatu, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, alinyosha mkono akakizungusha kifundo cha kurekebishia mwendo mpaka kikafika mwisho. Kila mmoja alikuwa na jibu, na hapana hata mmoja aliyekuwa ameuliza swali.

Mwenye mashine alianza kwa mambo mawili yasiyoonekana kuwa kazi. La kwanza lilikuwa kuziondoa santuri za mama yake chumbani na kuleta badala yake santuri ya kawaida ambayo kuharibika kwake kusingemliza mtu. Akaikagua na sindano iliyokuja na mashine, akakuta ni ya santuri ndefu. Ncha ya sindano hiyo ni nyembamba mno kwa mfuo wa 78: nusu kipenyo chake huwa kama elfu 18 mpaka 25 za milimita, ilhali mfuo wa kale unataka ncha ya elfu 75 hivi. Ikitiwa katika mfuo mpana huzama mpaka chini na kuburura katika vumbi la miaka, badala ya kuegemea kuta zilizobeba sauti. Akaagiza ya kipimo kifaacho kabla ya kugusa kitu kingine. La pili lilikuwa kuchomoa plagi kila alipotaka kuingiza mkono ndani ya mashine. Umeme hausamehe udadisi, na mashine ya umri huu yaweza kuwa na waya ambao ngozi yake imepukutika kama ganda la kitunguu.

Ndipo akaugeukia mwendo. Alibandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, akatazama saa, akahesabu mara ngapi kimepita mbele yake katika dakika moja. Kwa mwendo ulioandikwa 78 alihesabu 63. Akaiandika namba hiyo katika daftari, pamoja na saa na hali ya mashine. Daftari hilo lilikuwa chombo chake bora kuliko bisibisi. Mtu atengenezaye bila kuandika hubadilisha mambo matatu kwa mara moja. Mashine ikipona hajui imeponywa na lipi, na ikizidi kuugua hajui amemkosea nani. Sheria aliyojiwekea ilikuwa fupi: badili jambo moja, hesabu, andika, kisha ndipo badili la pili.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa kifundo. Katika mashine hii kifundo huisogeza sumaku karibu na kisahani cha chuma chepesi kilichofungwa katika mhimili wa mota. Sumaku hukizuia kisahani bila kukigusa, na mota ikapungua mwendo. Kifundo kinaweza kuondoa kizuizi, lakini hakiwezi kuongeza nguvu, nacho kimeundwa kusahihisha tofauti ndogo tu. Kilipozungushwa mpaka mwisho kiliongeza mzunguko mmoja au miwili. Hapa pana mtego unaostahili kuangaliwa. Lau kosa lingalikuwa dogo, kifundo kingalilifunika kabisa. Mashine ingaliimba vizuri, mwenyewe angalishukuru, na grisi iliyokauka ingaliendelea kuitafuna beringi mwaka hata mwaka. Kurekebisha si kuponya. Mficha maradhi kifo humfichua, na kifundo ni njia mojawapo ya kuficha maradhi. Kwa sababu hiyo alikirudisha katikati, mahali pake pa haki, akaendelea kutafuta.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa mafuta. Alilinyanyua sinia, akautoa mhimili wake katika beringi, akakuta grisi ya zamani imekuwa ngumu na ya rangi ya asali iliyoganda. Grisi ni rafiki akiwa kijana na adui akizeeka: ile iliyotiwa ili vyuma visisuguane ndiyo sasa iliyovishika visitembee. Aliifuta yote kwa kitambaa na spiriti, akatia mpya kwa kiasi, akafanya vivyo hivyo kwa beringi za mota kwa mafuta mepesi. Sinia lililokuwa likisimama upesi liliposukumwa kwa kidole, sasa lilizunguka muda mrefu kabla ya kutulia. Alihesabu tena, akapata 65. Aliwasha asubuhi mashine ikiwa baridi, akawasha jioni ikiwa imepata moto, akapata 65 ile ile.

Mtu mwenye haraka angesema kazi imeshindikana, maana 65 bado si 78. Lakini kulikuwa na tofauti kubwa kati ya namba hizi mbili za daftari. Namba ya kwanza ilikuwa na makosa mawili yaliyochanganyika, uchafu pamoja na jambo jingine, na mchanganyiko hausomeki. Namba ya pili ilikuwa na kosa moja tu, nalo lilikuwa limesimama peke yake kama mtu uwanjani. Mpira ukiteleza mwendo hauwi mmoja asubuhi na jioni. Mota inayokufa haitoi hesabu ile ile kila siku. Na 65 ikigawanywa kwa 78 hutoa sehemu 5 katika 6, bila kuzidi wala kupungua.

Sehemu tano katika sita! Umeme wa majumbani Marekani hugeuka mara 60 kwa sekunde; wa Kenya, kama wa Tanzania na Uingereza, hugeuka mara 50. Mota ya namna hii hufuata mgeuko wa umeme, wala si wingi wa volti. Fundi wa umeme alikuwa amekwisha kuzihamisha nyaya za mota kutoka volti za Marekani, ambazo ni 120 hivi, hadi volti 240, na kwa kitendo hicho aliiokoa isiungue. Lakini volti hazibadilishi mwendo wake. Waundaji wa Swindon walilijua hilo, wakatengeneza puli mbili tofauti: nyembamba kwa nchi za 60, ambako mota hukimbia, na nene kwa nchi za 50, ambako mota hutembea. Mashine hii ilikuwa na puli ya Marekani. Haikuwa mgonjwa kwa upande huo, ilikuwa mgeni. Ilitii sheria ya nchi ilikotoka, ikahukumiwa kwa sheria ya nchi ilikofika, na wote waliokuwapo wakaiita kongwe.

Puli ya 50 ilipopatikana na kutiwa, mwendo haukuhitaji tena kuhesabiwa kwa saa. Kuna kipimo kizuri kuliko hicho: karatasi ya duara yenye mistari 77, iwekwayo juu ya sinia chini ya taa ya umeme wa nyumbani. Umeme ugeukao mara 50 huing'arisha na kuififiza taa mara 100 kwa sekunde. Sinia lizungukapo mara 78 kwa dakika, kila mng'ao hukuta mstari umefika alipokuwa mwenzake, na jicho huiona mistari imesimama. Sinia likichelewa, mistari huonekana inarudi nyuma. Likizidi, hukimbilia mbele. Kwa mwendo wa 33⅓ mistari huwa 180. Taa nyingi za LED za siku hizi hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa umeme wake umekwisha kulainishwa. Hapo ndipo kifundo kilipopata kazi yake halali, kusahihisha kidogo kilichobaki, na mistari ikasimama.

Aibu ya pili, kuyumba kwa sauti, ilidhihirisha tena faida ya kuhesabu. Santuri ambayo tundu lake halipo katikati huyumbisha sauti mara moja kwa kila mzunguko wa sinia. Kosa likiwa katika gurudumu la mpira, pigo huja mara kadhaa kwa kila mzunguko, kwa kuwa gurudumu ni dogo na hukimbia kuliko sinia. Aliweka kidole mezani akafuata mapigo. Yalikuwa mengi kuliko mizunguko. Alilitoa gurudumu akalipitisha polepole kati ya vidole, akaugusa mbonyeo mdogo ambao macho hayakuuona. Sababu yake ilieleweka: mtu fulani, katika nyumba fulani, alizima umeme ukutani bila kuizima mashine, na mpira ukabaki umebanwa na puli miezi au miaka, mpaka ukaukumbuka ubano huo daima. Mpira uliozeeka hausafishiki ukawa mpya. Gurudumu lilibadilishwa.

Aibu ya tatu, spika iliyo kimya, ilikwisha kwa hila ndogo kuliko zote na yenye akili kuliko zote. Alizibadilisha nyaya mbili ziingiazo katika amplifaya, ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto kulia. Lau ukimya ungalibaki katika spika ile ile, kosa lingalikuwa katika amplifaya au mbele yake. Lakini ukimya ulihama, ukaenda spika ya pili. Basi kosa lilikuwa nyuma, upande wa mkono na sindano. Kwa tendo moja lisilo na gharama nusu ya mashine ilitolewa katika tuhuma. Katika kichwa cha mkono kulikuwa na vijipini vinne vya kuunganishia waya, na kimoja kilikuwa kimefunikwa na kutu ya kijani. Kilisuguliwa kwa uangalifu, na spika ikapata kauli.

Msomi atakayeona kuwa haya ni mambo ya gereji na aitazame kazi yake mwenyewe. Mhariri wa utenzi wa kale akutanapo na kipande chenye mizani 7 mahali panapotakiwa 8 yumo katika hali ile ile. Huenda mtunzi ndiye aliyekosa. Huenda mnakili alisahau herufi. Huenda karatasi imeliwa na mchwa. Na huenda kipande ni kizima, ila msomaji hukitamka kwa lahaja ya mji wake ilhali kilitungwa kwa Kiamu, ambamo neno lile lina silabi moja zaidi. Wahariri wepesi huongeza neno ili mizani itimie, nao ni ndugu za yule aliyekimbilia kifundo. Kipande husomeka vizuri baada ya hapo, na kwa kuwa husomeka vizuri, hapana atakayerudi kuuliza. Sahihisho la namna hiyo ni kosa lililovikwa nguo safi, na huishi muda mrefu kuliko kosa lililo uchi.

Uaminifu huu una mipaka, nayo ni sharti itajwe. Mashine ikizunguka 78 kamili, haijathibitika kuwa mwimbaji anasikika kama alivyoimba. Santuri nyingi za miaka ya awali zilichongwa kwa mwendo uliopungua au kuzidi 78, na ala za tarabu hazitoi ushahidi kamili, maana nyuzi za udi na fidla hukazwa na kulegezwa kwa kadiri ya sauti ya mwimbaji. Hapo mtengenezaji hufika ukingoni mwa elimu yake. Aweza kusema mashine haiongezi kosa. Hawezi kusema kosa halipo. Kadhalika mchakacho usikikao chini ya wimbo ni umri wa lakiri, si dhambi ya sindano, na pumzi ya mwimbaji kati ya beti si dosari ya kufutwa. Fundi asiyejua kutofautisha ubovu na alama za uhai ataitengeneza sauti mpaka aiue.

Kazi ilipokwisha, santuri ya mama ililetwa na kuchezwa mara moja. Watu wazima waliowahi kumsikia mwimbaji huyo katika arusi za ujana wao walikaa kimya, na mmoja alisema kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa. Ushahidi wa namna hiyo hauandikwi kwa tarakimu, lakini katika jambo hili ndio uliokuwa mkubwa. Kisha mwenye mashine aliitia puli ya Marekani ndani ya bahasha pamoja na gurudumu lililobonyea, akaandika juu yake kila kitu alichobadilisha, tarehe na sababu, akaibandika chini ya kiunzi. Atakayeirithi mashine atajua ni kipi kilichotoka kiwandani na ni kipi kilichotiwa Mombasa. Na ikisafiri tena kwenda nchi ya umeme wa 60, atakuta dawa imefungwa pamoja na mgonjwa.